Unga Ulisema Kabla Yangu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa siku ya mnada hapa Katoro, na kiangazi kilikuwa kimekaza. Siisahau kwa sababu moja tu: ndiyo siku niliyosema neno moja, likanichukua wiki tatu kulirudisha, na lote sikuweza kulirudisha. Mimi si mtu wa kulialia mambo ya zamani. Nakueleza yalivyokuwa, wewe utachukua kinachokufaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi katika gereji ya Mzee Masanja, nyuma ya soko. Mzee Masanja alikuwa mtu wa Shinyanga vijijini, mfugaji kwa kuzaliwa na fundi kwa kupenda mwenyewe, mpole wa sauti na mgumu wa kanuni. Nilikuwa nimekaa kwake miaka minne. Injini nilizijua, hilo silikatai. Ila nilikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa masikio, na fundi wa namna hiyo hapishani sana na mwizi, maana wote wawili sifa yao ni kufungua vitu haraka.

Pale gereji tulikuwa na gari moja lililotusumbua na kutupa jina. Lilikuwa la Mama Kulwa, mjane. Mumewe alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na siku za neema alinunua gari la Kijapani, refu, lenye injini ya turbo. Alipofariki, ndugu waligawana vilivyogawanyika, mama akabaki na gari na watoto wake mapacha, Kulwa na Doto. Hakukaa kulia. Aligeuza gari likawa la abiria na mizigo, Katoro kwenda Masumbwe na kurudi, akiendesha mwenyewe, kanga kiunoni na miwani ya jua ya marehemu usoni. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake.

Sasa nivumilie kidogo kuhusu turbo, maana bila hapo hutanielewa. Turbo hushindilia hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Hewa ikishindiliwa inapata joto. Ukiweka na petroli hafifu, ile iliyokaa kwenye madumu juani, mlipuko unatokea kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, ko ko ko, na pistoni ikigongwa hivyo kwa muda mwishowe inatoboka. Huku machimboni petroli nzuri siku hizo ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo marehemu alifungiwa kifaa cha kupulizia maji: tangi dogo, pampu, mipira miembamba, na nozeli nne, moja kwa kila silinda. Gari likivuta nguvu, nozeli zinapuliza maji laini kama umande, hewa inapoa, injini inatulia. Watu walikuja kushangaa gari linalokunywa maji. Mzee Masanja aliwajibu kwamba hata ng'ombe hunywa maji na hakuna anayemkodolea macho.

Tundu la nozeli hizo ni jembamba kuliko unavyodhani. Maji ya kisima yana chokaa, na chokaa ikikauka pale tunduni inaziba. Ndiyo maana mzee aliweka pipa chini ya bati la gereji kwa ajili ya gari hilo peke yake. Mvua ya kwanza aliiacha ipite, ioshe vumbi la bati, akakinga ya pili. Mke wake alilalamika kwamba gari la mtu linakunywa maji matamu kuliko wenye nyumba, lakini pipa halikuguswa. Tatizo lilikuja kiangazi. Pipa likipungua, Mama Kulwa alijazia maji ya visima vya njiani, na baada ya wiki mbili tatu nozeli zinaanza kuziba.

Kuzisafisha kulikuwa na utaratibu wake, na mzee hakuuvunja hata siku moja. Nozeli hufunguliwa jioni zikalala ndani ya siki mpaka asubuhi, ili siki iyeyushe chokaa polepole. Kisha hupulizwa kwa upepo, kutoka mdomoni kurudi nyuma, uchafu utoke ulikoingilia. Chujio la kwenye tangi linaoshwa. Kuchokoa ni mwiko. Nozeli ni ya shaba, na shaba ni laini, ukiichokoa hujui umetoa chokaa au umetoa nozeli yenyewe.

Halafu kuna ubao wa unga. Huu sijauona kwa fundi mwingine. Ulikuwa kipande cha ubao mweusi wa shule, mzee anaulaza chini, anauchekechea unga wa muhogo mpaka unakuwa mweupe wote, kisha anashika nozeli juu yake na kuwasha pampu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Nozeli nzima inaacha duara la vitone vidogo, sawa pande zote. Mbovu inachimba mfereji, au inadondosha matone upande mmoja. Na ilikuwa lazima amwite mwenye gari aje autazame unga kabla nozeli hazijarudi mahali pake. Wateja wengine walimwona anawapotezea muda. Yeye alisema mwenye gari akishaona kwa macho yake, fundi analala usingizi.

Siku hiyo ya mnada mzee hakuwepo. Alikwenda kwao kumzika shemeji yake, na kabla ya kupanda basi aliniachia maneno machache. "Nozeli za Mama Kulwa zimeanza kuziba. Akija, mwambie alilaze gari. Siki iko kabatini."

Mama Kulwa akaja saa mbili asubuhi, gari limejaa watu na magunia, injini inagonga hadi ukiwa barabarani unasikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nisaidie. Nikililaza leo, abiria wangu wote wanahamia kwingine, na mnada ni mara moja kwa wiki. Kuna namna?"

Ningemjibu kwamba namna ni siki na subira. Lakini kijana akiombwa namna na watu saba wanamtazama, mwanangu, anaona aibu kusema hakuna. Nikamwambia anipe nusu saa.

Jirani yetu alikuwa mama ntilie aliyepikia stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupiga pampu. Kama umekulia kwenye gesi huijui. Tundu la stovu likiziba, kuna sindano yake nyembamba ya kuzibulia, unachoma mara moja, moto unarudi wa bluu. Mikono yetu sote ilikuwa imezoea sindano hiyo tangu utotoni. Mimi nikajiambia tundu ni tundu, nikaenda kuiazima.

Nozeli ya kwanza ilizibuka. Ya pili ilikuwa na chokaa iliyoshika kama imechomelewa, nikasukuma, nikazungusha, nikasukuma tena, mpaka nikasikia imeachia. Nikaielekeza kwenye mwanga, nikaona nuru imepita safi kabisa. Nikafurahi. Ya tatu na ya nne hazikunipa shida. Ubao wa unga ulikuwa umetundikwa ukutani, chekecheo pembeni yake. Niliutazama, nakumbuka niliutazama kabisa, nikaona utanila robo saa na watu wanangoja. Nikafunga nozeli, injini ikawaka, pale pale gereji haikugonga.

"Wabeja, ng'wana wane," Mama Kulwa akanishukuru kwa Kisukuma, akaondoka. Nami nikatembea gereji nzima nikijiona fundi mkuu.

Saa nane mchana lori la pamba likamrudisha, limelivuta gari kwa mnyororo. Gari lilizimika kabla ya Ushirombo, kwenye mwinuko, na abiria waliachwa wamekaa juu ya magunia yao wakisubiri huruma ya magari mengine. Nikafungua injini mbele yake. Pistoni ya nne ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Sitakudanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale. Nozeli ya pili nilikuwa nimeipanua kwa sindano, ikawa inamwaga maji yote peke yake, na ya nne iliyo mwisho wa mpira ikabaki na kiu. Silinda ya nne ilipanda mwinuko ikiwa kavu, na turbo halina huruma.

Mama Kulwa alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, miwani ameivua. Alikuwa anawaza kwa sauti, hakunishtaki. Akasema, "Asubuhi nilijaza petroli kwa Shija. Inaweza kuwa petroli?"

Nikasema, "Inaweza."

Neno lenyewe ndilo hilo. Tena halikuwa hata uongo kamili, maana petroli mbaya kweli inaweza kutoboa pistoni. Ndiyo sababu lilinitoka kirahisi.

Shija alikuwa muuza petroli wa kando ya barabara, kijana wa rika langu. Zamani alichimba, mpaka siku mwamba ulipomvunja mguu shimoni, ukaunga vibaya. Hakuweza tena kushuka chini wala kulima. Alikuwa na meza, chupa zake, faneli moja, na jina lake. Kazi ya petroli ya chupa, jina ndilo linalouza, kwa kuwa mnunuzi haoni kilichochanganywa.

Kufikia kesho yake asubuhi soko zima lilikuwa na habari kwamba Shija anatia maji kwenye petroli, ameua gari la mjane. Watu wakasema lisemwalo lipo. Waendesha pikipiki wakawa wanapita meza yake bila kupunguza mwendo. Siku ya pili chupa zake zilikuwa bado zimejaa, zimepangwa vile vile, naye amekaa nyuma yake amenyoosha ule mguu. Nilipita upande wa pili wa barabara ili tusitazamane.

Jioni hiyo akaja gereji mwenyewe, anachechemea, chupa mkononi.

"Kaka, wewe ndiye uliyefungua ile injini. Hebu nitazamie hii petroli. Kama ina kasoro niambie, nimrudie aliyeniuzia."

Nikaishika chupa, nikainusa, nikaigeuza. Ilikuwa safi. Nikamwambia, "Ngoja mzee arudi, yeye ndiye atakayejua." Akaniachia chupa, akanishukuru. Aliponishukuru niliona vibaya, nakiri, lakini kuona vibaya peke yake hakumlishi mtu.

Mzee Masanja akarudi siku ya tatu. Akanywa maji, akauliza habari za kazi, nikamweleza injini imekufa na watu wanasema ni petroli. Akaichukua pistoni, akaizungusha kwenye mwanga muda mrefu. Akauliza nozeli zililala kwenye siki siku gani. Nikajibu nilizisafisha. Hakurudia swali. Akatuma watu wawili waitwe, Mama Kulwa na Shija.

Walipofika, alikuwa ameshaulaza ubao chini na anachekecha unga. Nozeli zote nne alikuwa amezifunga kwenye mpira wake na pampu yake, kama zinavyokaa kwenye gari. Kabla ya kuwasha akainuka, akapangusa mikono, akasema bila kumtazama mtu, "Kuna mwenye neno la kusema kabla ya maji kutoka?"

Mwanangu, hapo nilipewa mlango wazi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikajipa moyo kwamba huenda tundu halikupanuka kiasi cha kuonekana. Nikanyamaza.

Akawasha pampu. Moja, mbili, tatu. Nozeli ya kwanza ikaacha duara hafifu. Ya pili ikachimba unga mpaka ubao mweusi ukaonekana, mfereji ulionyooka kama umechorwa kwa kijiti. Ya tatu ikadondosha matone machache. Chini ya ya nne unga ulikuwa mkavu kabisa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata Mama Kulwa, ambaye hakuwahi kushika spana, aliinama akautazama unga mkavu, kisha pistoni ya nne, kisha mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichokoa kwa sindano ya stovu. Petroli ya Shija ni safi. Nilijua tangu siku ile."

Mzee Masanja hakupandisha sauti. "Unga umekutangulia kusema," akaniambia. "Ungesema siku ile, ungekuwa fundi aliyekosea, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ungesema sasa hivi nilipouliza, ungekuwa mtu aliyechelewa. Umesema baada ya unga. Hapo hujasema kitu, umeitikia tu."

 Shija alichukua chupa yake iliyokuwa imekaa gerejini tangu jana, akaondoka nayo. Mama Kulwa ndiye aliyeumia kwa sauti, na si kwa ajili ya injini. Alisema, "Umenifanya nimseme vibaya mtu asiye na kosa, tena mwenye mguu mbovu." Mpaka leo nayasikia maneno hayo kwa lafudhi yake.

Injini tuliitengeneza. Mzee alitafuta pistoni Mwanza, nami nikaifunga kwa mikono yangu bila ujira, na nozeli mpya nikaipima kwenye unga mara tatu, Mama Kulwa akiwa amesimama juu ya kichwa changu. Hiyo ilikuwa kazi ya siku chache. Kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Mzee alinipa ile nozeli ya pili na kuniambia, "Neno lako lilitoka hapa kwa miguu. Litarudi kwa miguu. Kila lilikofika, nenda."

Wiki tatu, mwanangu. Kila nilipopata nafasi, meza kwa meza, kijiwe kwa kijiwe, kuanzia Katoro sokoni hadi stendi ya Masumbwe. Natoa salamu, natoa nozeli mfukoni, naeleza: gari la Mama Kulwa nililiua mimi, petroli ya Shija haina kosa. Wengine walicheka. Muuza samaki mmoja aliniuliza Shija amenilipa kiasi gani niseme hivyo. Mama ntilie jirani yetu alinidai sindano yake ya stovu. Wapo waliorudi kununua kwa Shija siku ile ile. Wapo walionisikiliza vizuri, wakaitikia kwa kichwa, na kesho yake wakanunua kwingine, kwa sababu ya usalama tu, walisema. Maji yakimwagika hayazoleki, na ukijitahidi kuyazoa unapata tope.

Baada ya msimu mmoja Shija alihama. Niliambiwa amekwenda Maganzo, kwenye wachimbaji wa almasi, ambako hakuna aliyemjua.

Mzee Masanja alikwisha kufariki. Gereji ninayo mimi, na ubao wa unga ninao. Mwaka jana nilikuwa natoka Shinyanga mjini, nikapita Maganzo, gari limeishiwa mafuta. Kando ya barabara kuna mzee mwenye kibanda na mapipa mawili, na foleni ya vijana wa pikipiki. Nilimtambua kwa mguu kabla ya uso.

Nikakaa pembeni nimtazame. Kila mteja, anachukua kitambaa cheupe, anakitandaza juu ya faneli, anachuja petroli ndani ya chupa angavu, anainyanyua juani, anamwonyesha mteja, anasubiri mteja aitikie, ndipo anamimina kwenye tangi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Vijana walikuwa hata hawatazami, wako kwenye simu zao, naye anawasubiri mpaka wanyanyue macho.

Zamu yangu ilipofika tukasalimiana. Alinijua. Tukaulizana habari za watoto, akanipa pole ya Mzee Masanja. Kisha akatandaza kitambaa, akachuja, akanyanyua chupa juani mbele ya uso wangu.

"Tazama kwanza," akasema.

"Shija, mimi sihitaji kutazama."

"Najua," akasema. "Mkono umezoea."

Na hakumimina mpaka nilipotazama.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni fupi kuliko hadithi. Ukiwa na gari la kupuliza maji, lipe maji ya mvua, osha chujio, laza nozeli kwenye siki, usichokoe, na usifunge kitu ambacho hujakipima mbele ya mwenyewe. Hayo yatalinda injini. Ukikosea, na utakosea, sema siku ile ile, kabla hajatajwa mwingine. Usisubiri kuulizwa mara ya pili, na usijifiche nyuma ya neno lenye ukweli nusu. Injini niliyoiua ilipona kwa pistoni moja. Shija anachuja petroli mpaka leo kwa sababu ya neno langu moja, na sina kipuri cha kumpelekea.

Mungu akujalie mikono yenye subira na kinywa kisichongoja unga. Na jina la mwenzako likipita mikononi mwako, akupe nguvu ya kulirudisha zima.